Somo la Saa Kumi Kwenye Dungu

Sauti ya mwalimu ilikatika saa ileile iliyokatika juma lililopita.

"Ukishapata kiasi cha dawa cha siku nzima kulingana na uzito wa mtoto," redio ilikuwa ikisema, "hapo sasa, kabla hujashika kijiko, kwanza ni lazima…" Kisha ikaja shwaa, kama maji yaliyomwagwa kwenye kikaango cha moto. Ndani ya shwaa ile mwalimu alikuwa bado anasema, maana Sikitu aliusikia mdundo wa maneno yake, ila neno lenyewe hakuambulia hata moja. Sauti iliporudi ilikuwa inaaga. "Mpaka Alhamisi ijayo, wanafunzi wetu mlio mbali. Kaeni salama."

Sikitu alibaki ameiinamia redio, mtoto ananyonya, penseli mkononi. Kwenye karatasi alikuwa ameandika "kwanza ni lazima", na mbele yake pakabaki peupe.

Alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya miguu minne, ng'ambo ya mto Kilombero, mpunga umemzunguka kila upande. Watu wa Ifakara ndivyo wanavyoishi. Mvua zikianza, nyumba za mjini zinafungwa kufuli, kuku wanatiwa kwenye tenga, sufuria zinafungwa ndani ya kanga kuukuu, na watu wanahamia bondeni mpaka mpunga uvunwe. Sikitu na mama mkwe wake walikuwa wamefunga nyumba yao ya Lipangalala tangu mwezi wa kumi na mbili. Obed, mume wake, hakuwa pamoja nao. Alikuwa anakata miwa kwenye mashamba ya sukari, akija mara mojamoja juu ya lori, masizi ya miwa iliyochomwa yamemwingia mpaka kwenye kope.

Shamba lilikuwa na madungu mawili, moja kila mwisho. La upande wa mto lilikuwa la Emerensiana, mama yake Obed, Mndamba mrefu mwenye goti bovu na macho ambayo hayakuhitaji msaada wa mtu. La upande wa mabua ya matete lilikuwa la Sikitu na mtoto wake, Kristina, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa bila kushikwa. Kazi ya wanawake hao wawili ilikuwa moja, kuamia ndege. Kuanzia mpunga unapotoa masuke mpaka siku ya kuvuna, mtu anakaa juu ya dungu akipiga kelele, akirusha udongo kwa kombeo, akivuta kamba iliyofungwa makopo, ili kweleakwelea wasitue. Ukizembea siku moja, unavuna majani.

Na hii redio ilikuwa na habari yake.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa tisini na sita lilitolewa tangazo. Mtu aliyemaliza darasa la saba na asiyezidi miaka ishirini na mitano angeweza kufuata masomo ya afya kwa njia ya redio, kila Alhamisi saa kumi jioni, halafu afanye mtihani Ifakara mwezi wa tano. Watakaofaulu wangechukuliwa kusomea uhudumu wa zahanati za vijijini. Sikitu alilisikia tangazo akiwa anapepeta mchele, akaacha ungo magotini. Alikuwa anakaribia kutimiza hiyo ishirini na mitano. Mwaka mwingine ungemkuta nje ya mlango.

Kwao ni Sanje, chini ya mlima. Alipomaliza darasa la saba alifaulu vizuri, lakini majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalikuja machache na lake halikuwamo. Mwalimu mkuu alimwambia asilie, akauze ndizi za mama yake pale barabarani kama wenzake, na kweli akauza. Baadaye akaolewa, akaja Ifakara, akazaa. Hakuwahi kumwambia mtu kuwa akiwa peke yake anatwanga, mchi anaupandisha kwa hesabu za kuzidisha. Saba mara sita, mchi chini. Saba mara saba, mchi chini. Hili tangazo lilimgusa pale.

Tatizo ni bonde lenyewe. Mjini redio ilishika vizuri, lakini ng'ambo kule, mlima wa Udzungwa umesimama upande mmoja kama mtu aliyekuziba kwenye foleni, sauti ilifika imechoka. Ilikuja ikazama, ikaja tena ikiwa imeshikana na kituo cha watu wanaozungumza lugha isiyojulikana. Sikitu aligeuza redio huku na huku, akapanda nayo mpaka kwenye paa la dungu, akaining'iniza mtini. Betri alizianika juani juu ya bati la kuanikia dagaa, zikipata joto zinasema kidogo. Masomo mawili ya kwanza aliyapata vipandevipande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukuta.

Siku moja, kwa kuhangaika tu, aliigusisha antena ya redio kwenye waya wa makopo. Miaka mingine kamba ile ilikuwa ya magome ya miti, lakini msimu huo Obed alikuwa ameleta waya mwembamba uliotupwa huko kiwandani. Walikuwa wameutandaza kutoka dungu la Sikitu mpaka dungu la mama mkwe, shamba zima, makopo ya maziwa na ya mafuta yananing'inia. Redio ilipogusa waya ule, mwalimu alitokea kama vile amepanda ngazi na kukaa mkekani.

"Habari zenu, wanafunzi. Naitwa Mwalimu Aikande."

Sikitu alicheka peke yake. Akaifunga antena kwenye waya kwa uzi wa kanga, na tangu siku ile akawa mwanafunzi kweli. Wakati huo mpunga ulikuwa bado majani matupu, ndege hawana habari nao, na makopo yalining'inia kimya wiki nzima. Alijifunza jinsi mhudumu anavyonawa mikono, akajifunza kutibu kuhara kwa maji ya chumvi na sukari, akajifunza kupima pumzi ya mtoto kwa kuhesabu kifua kinavyopanda. Kristina alihesabiwa kifua mpaka akazoea, akawa anajilaza mwenyewe na kucheka.

Halafu mpunga ukatoa masuke, masuke yakaweka maziwa, na ndege wakaja.

Wanakuja mara mbili. Asubuhi na mapema, na jioni kuanzia kama saa kumi, wakitoka kwenye matete kwenda kutafuta cha kulalia. Somo nalo ni saa kumi. Juma lile la kwanza sauti ilipokatika, Sikitu aliona ni betri. Juma la pili, ndilo hili, shwaa ilipoanza aliinua uso, akaona upande wa mto ndege wanaruka kama moshi uliopulizwa, na makopo yanacheza kwenye waya. Mama mkwe alikuwa anavuta. Kila alipovuta, ule uzi wa kanga ulilegea kwenye antena na mwalimu akazama. Basi aliyekuwa anamnyamazisha Mwalimu Aikande ni mama yake Obed, bila kujua, kwa kulinda chakula chao.

Jioni, wakila uji wa mchele kwenye dungu la mkubwa, Sikitu alijaribu.

"Mama, nilikuwa naomba kitu. Alhamisi ile saa ya somo, waya usiuvute kidogo. Uwafukuze kwa kombeo tu."

Emerensiana alimaliza kumeza kwanza. "Nisivute waya saa ya ndege?"

"Kidogo tu, Mama. Mpaka somo liishe."

"Wakija niwaambie nini? Niwaambie subirini, mwenzenu anasoma?"

Sikitu alitabasamu kwa adabu, akainamia bakuli.

"Mimi sikukatazi redio," alisema mama mkwe. "Obed amenunua, isikilize. Lakini huu mpunga ukishaweka maziwa, mwenye shamba hana sikio la kitu kingine. Mimi nililea watoto wangu juu ya dungu. Nimeuguza juu ya dungu. Baba yake Obed nililetewa habari ya kufa kwake nikiwa juu ya dungu, nikamwambia aliyeleta habari, panda hapa uvute kamba ndipo niende. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Haya. Kula, una mtoto."

Hakuwa mtu mbaya. Sikitu hata moyoni hakuweza kumfanya mbaya, na hilo ndilo lililomkaba.

Usumbufu wake ulikuwa kwenye ile nafasi nyeupe ya karatasi. Mwalimu alikuwa ametoa mfano. Mtoto ana kilo kumi. Dawa ni miligramu hamsini kwa kila kilo, kwa siku nzima. Chupa imeandikwa kwamba kijiko kimoja kina miligramu mia moja na ishirini na tano. Atapewa vijiko vingapi kila mara, ikiwa anakunywa mara nne kwa siku? Sikitu alizidisha, akapata mia tano. Akagawa kwa mia moja na ishirini na tano, akapata vijiko vinne. Basi kila mara vijiko vinne. Akamtazama Kristina, ambaye kijiko kimoja cha uji kilimshinda nusu kikarudi kidevuni. Mtoto gani anakunywa dawa vijiko vinne kwa mkupuo, mara nne kwa siku? Alijua amekosea, kwa jinsi mama anavyojua maji ya kuogea ni ya moto kabla hajatia mkono. Lakini kosa liko wapi hakuliona. Alirudia hesabu mpaka karatasi ikatoboka. Kila mara vijiko vinne. Kulikuwa na kitu cha kufanya kwanza kabla ya kushika kijiko, na kitu hicho kilikuwa kimemezwa na makopo.

Unga ulipoisha alivuka mto kwenda mjini, na kilichompeleka hasa si unga. Alikwenda kwanza kwa Brigitha, rafiki yake wa Lipangalala, ambaye naye, kule mjini, alikuwa ameanza masomo hayo. Alimkuta anasuka nywele za mtu kibarazani.

"Masomo gani, dada? Niliacha tangu mwezi wa pili," alisema Brigitha bila kuinua vidole kichwani mwa mteja. "Redio ameichukua shemeji yako, iko kilabuni inasikiliziwa mpira. We bado unafuata?"

"Bado."

"Na kule shamba inashika?"

"Inashika na kuachia."

"Kama mume wangu," alisema Brigitha, na yule anayesukwa akacheka mpaka akavutwa nywele. Kisha Brigitha akamtazama mwenzake vizuri, akaona hacheki. "Pole, mama Kristina. Ningekuwa nimeandika ningekupa."

Alipita kliniki ya watoto. Muuguzi alikuwa na foleni ya akina mama mpaka chini ya mti wa nje. Alimsikiliza kwa nusu sikio huku anasoma mizani, akamwambia, "Rudi saa tisa, mama, nitakuelekeza." Saa tisa mtumbwi wa mwisho wa upande wao ulikuwa unaondoka, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na waendesha mitumbwi hawakutaka giza. Sikitu alisimama kivukoni na ndoo ya unga kichwani, akatazama nyuma upande wa mji, akapanda mtumbwi.

Kwenye tangazo la katikati ya juma alisikia, kwa bahati, maneno yote. Alhamisi ya juma hilo ingekuwa ya marudio. Mwalimu angepitia masomo magumu tena, polepole, na hasa lile la vipimo vya dawa, kwa kuwa wengi wamelalamika. Jumamosi yake ni mtihani.

Alijiona kama mtu aliyeangusha kitu mtoni na kukiona kinarudi na maji.

Kesho yake, Jumatano, akaja mtu kutoka Ifakara mbio. Dada yake Emerensiana amefariki. Mama mkwe alijifunga kanga nyeusi, akavaa kandambili, akasimama chini ya dungu la Sikitu.

"Nakwenda kuzika. Nitarudi Ijumaa. Shamba lote ni lako sasa, huku na kule. Waya uvutie hapo kwako, unafika kote."

"Pole sana, Mama. Shikamoo yangu uwapelekee."

"Marahaba." Aligeuka, kisha akarudi. "Upande wangu ndio masuke yamejaa zaidi. Ndege wanaujua. Usiwape nafasi."

"Sitawapa."

Alimsindikiza kwa macho, kichwa kile kirefu kikipita juu ya masuke mpaka kikapotea kwenye njia ya mto. Sikitu alimlilia yule dada aliyekufa, kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliyewahi kumletea Kristina kofia. Lakini kilio kilipokuwa bado kooni, kitu kingine ndani yake kilisema kwamba kesho waya hautavutwa na mtu mwingine yeyote. Alikionea aibu kitu hicho. Hakikuondoka.

Alhamisi alianza mapema kutafuta msaada. Alikwenda mpaka kwa Rosemery, jirani wa shamba la pili, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele.

"Saa kumi?" alisema Rosemery kwa mnong'ono wa kukauka. "Mama Kristina, saa kumi mimi natamani niwe na mikono ya buibui. Niombe saa nyingine yoyote. Niombe nikubebee mtoto, niombe chumvi."

Njiani kurudi alikutana na Ndaki, Msukuma aliyekuwa na ng'ombe zake upande wa Mngeta. Ndaki alikuwa anasukuma baiskeli kwenye tope, na redio yake kubwa imefungwa kwenye usukani, imezimwa.

"Mama Kristina, nasikia umeolewa na redio," alisema. "Obed anajua?"

"Anajua. Ametoa idhini."

"Mahari je? Maana kwetu redio inalipa ng'ombe."

"Nyie kila kitu kinalipa ng'ombe," alisema Sikitu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Kisha akamweleza. Ndaki hakuweza kubaki, ng'ombe wake walikuwa wamevukishwa nusu na nusu bado, lakini alifungua tochi yake, akatoa betri mbili, akazipima uzito kiganjani.

"Zimebakiwa na roho kidogo. Usizianike, zitapasuka. Ziweke kwapani."

Ndivyo alivyofanya. Mpaka saa kumi Sikitu alikuwa na betri kwapani kama mtu anayepimwa homa. Mtoto alikuwa mgongoni, na mkononi ana kombeo. Tangu saa nane alipiga makopo na kupayuka, ili ndege wachoke mapema wakalale kwingine. Hawakuchoka. Walikuwa kwenye matete, wengi kuliko alivyowahi kuwaona, matete yameinama kwa uzito wao, na kelele zao zilikuwa kama mvua inayokuja kwa mbali.

Alitia betri. Akafunga antena kwenye waya, safari hii akaukaza uzi kwa meno.

"Habari zenu, wanafunzi." Sauti ilikuja safi, mpaka akasikia karatasi ya mwalimu inageuzwa.

Kundi la kwanza likatoka. Sikitu alirusha udongo kwa kombeo. Wakainuka, wakazunguka, wakatua upande wa mama mkwe, mbali na kombeo. Aliushika waya. Akauachia. Mwalimu alikuwa anapitia somo la kuhara, ambalo alilijua. Hapo akavuta. Makopo yakalia, ndege wakaruka, redio ikapiga shwaa, na aliporudisha antena mahali pake akakuta mwalimu ameshafika kwenye chanjo. Basi ni hivyo. Kila akivuta anapoteza, na hajui atakachopoteza ni kipi.

"Sasa tunaingia kwenye lile somo mnaloniandikia sana," alisema Mwalimu Aikande. "Vipimo. Nitakwenda taratibu. Chukueni kalamu."

Kundi lilitoka zima. Halikutoka kama ndege mmojammoja. Lilinyanyuka kutoka matete yote, likapinda angani, likashuka juu ya shamba la Emerensiana kama kitambaa kinachotandikwa. Masuke yakainama yote mara moja. Kristina mgongoni alianza kulia kwa sababu moyo wa mama yake ulikuwa unampiga.

Sikitu alikuwa na mkono mmoja juu ya waya na mmoja juu ya karatasi.

"Mtoto wetu ana kilo kumi," alisema mwalimu.

Alipiga kelele kwa sauti yote, akapiga mguu sakafu ya miti, akapiga sufuria kwa mwiko. Upande wa mama mkwe ni mbali. Ndege hawakusikia, au walisikia wakaona ni mtu asiye na makopo. Waya ulikuwa umelala kimya, na kimya chake ndicho kilichomleta mwalimu. Alijiambia sentensi hii tu, nikishaipata navuta. Sentensi ikaisha, ikaja nyingine iliyoishikilia. Alijiambia hii tu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega ili aone anachoandika, na mkono wa kwenye waya alikuwa ameukunja ngumi ili usivute.

"Ukishapata kiasi cha dawa cha siku nzima," alisema Mwalimu Aikande, "hapo sasa, kabla hujashika kijiko, kwanza ni lazima ukigawe kwa mara ambazo mtoto atakunywa. Mia tano gawa kwa nne. Ndiyo dozi ya mara moja. Ndipo uende kwenye chupa. Wengi mnasahau hapa, mnampa mtoto dawa ya siku nzima kwa mara moja. Mtamuua. Narudia."

Akarudia. Sikitu akaandika mara mbili. Kijiko kimoja. Kilikuwa kijiko kimoja. Kristina angeweza kumeza kijiko kimoja.

Kisha akavuta waya kwa mikono miwili mpaka uzi wa kanga ukakatika na redio ikaanguka sakafuni. Makopo yalilia shamba zima, na upande wa mto weusi mzima wa ndege ukabanduka kwenye mpunga, ukapanda, ukaenda kulala.

Aliteremka na kwenda kuona. Alitembea katikati ya mpunga wa mama mkwe wake akibinya masuke moja moja. Chini ardhi ilikuwa nyeupe kwa makapi. Alibinya, likawa tupu. Alibinya lingine, likatoa tone. Alikaa chini kwenye maji ya jaruba, na mtoto mgongoni, akakaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Emerensiana alirudi Ijumaa mchana, macho mekundu ya msiba. Alipita njia ya shambani kwake kabla ya kusalimia mtu. Sikitu alimwona akisimama, akiinama, akisimama tena mahali pengine. Alichukua muda. Alipofika kwenye dungu alikaa kwenye gogo la chini na kunyoosha goti.

"Shikamoo, Mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshazika." Akaelekeza kidevu upande wa shamba lake. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Mtoto?"

"Mzima."

"Basi walikuwa wengi," alisema mama mkwe, na Sikitu alielewa kwamba anafunguliwa mlango wa kupitia. Angeweza kupita. Walikuwa wengi kweli.

"Walikuwa wengi, Mama. Lakini waya sikuuvuta. Nilikuwa nasikiliza redio."

Mama mkwe hakumtazama. Alivua kandambili, akakung'uta tope, akavaa, akavua tena. Rosemery alisikika kwa mbali akigonga debe kwenye shamba lake.

"Hicho ulichokuwa unasikiliza umekipata?"

"Nimekipata."

"Mtihani lini?"

"Kesho. Lakini siendi. Nitabaki niamie kilichobaki."

"Huendi." Emerensiana alilitamka taratibu, kama mtu anayeonja mboga. "Wamekula mpunga wangu kwa ajili ya masomo yako. Usipokwenda watakuwa wamekula bure." Akajishika goti, akainuka. "Na usidhani nimesamehe. Mtoto utaniachia. Mkamulie maziwa kikombeni kabla hujaondoka, uji wangu haupendi."

Alfajiri Sikitu alikamua maziwa kikombeni, akavuka mto.

Mtihani ulifanyiwa kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa mbao. Walikuwa wengi wao vijana wa mjini, mashati yamepigwa pasi. Sikitu alikuwa na tope la kivukoni mpaka kwenye pindo la gauni. Katikati ya mtihani maziwa yalimjaa, yakaanza kupenya, akakunja kanga mara nne kifuani na kuendelea kuandika kwa mkono mmoja huku mwingine umebana. Yalikuwapo maswali mengi aliyoyaona kwa mara ya kwanza. Huenda yalifundishwa siku zile za shwaa, na mahali pake aliandika alichoweza, na mahali pengine hakuandika kitu. Swali la tano lilikuwa la chupa na kijiko. Mtoto wa kilo kumi na mbili. Alizidisha. Kisha, kabla ya kushika kijiko, akagawa. Alilitazama jibu lake kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Alirudi ng'ambo jua likiwa limeinama. Kabla hajafika alinusa moshi na harufu ya mpunga mbichi unaokaangwa. Emerensiana alikuwa amekwishakata masuke yote ya kijani yaliyosalia upande wake, ameyapura, anayakaanga kwenye chungu ili atwange pepeta, zile chenga bapa za mpunga usiokomaa. Kinu kilikuwa tayari. Kristina alikuwa amekaa kwenye mkeka akitafuna kidole, alipomwona mama yake alitupa mikono.

"Ndege wangerudi leo kwa kilichobaki," alisema mama mkwe. "Bora tule wenyewe." Akakoroga. "Tutakula hiki mpaka kiishe. Baada ya hapo muhogo, mpaka wa upande wako ukomae. Obed nitamwambia mimi, wewe usimwambie."

Sikitu alimwinua mtoto, akampa titi hata kabla hajakaa. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa.

"Majibu lini?"

"Wamesema mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane," alisema Emerensiana. Aligeuza macho kwenye nusu ya shamba iliyokuwa imesimama bila kitu ndani, akaiangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya mtu mwingine. Kisha akamimina mpunga wa moto kwenye kinu, akachukua mchi mmoja, na mwingine akausukuma kwa mguu ukaegemea upande wa Sikitu.

"Akimaliza kunyonya, mlaze. Hii ikipoa haipondeki."